Bendi nzima peke yako: kurekodi korneti, teno honi na besi ukiwa nyumbani

Huku magharibi mwa Kenya, wapigaji wengi wa ala za shaba tumelelewa na bendi za kanisa, hasa za Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi nchini mwaka 1921 na ambalo makao ya eneo lake la magharibi yako Kakamega. Mtu aliyetoka katika bendi hizo huwa anajua zaidi ya sehemu moja. Alianzia teno honi, ala ya sauti ya kati, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kabatini, akahamia korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, na Jumapili ambayo mpiga besi amesafiri akabebeshwa besi, ile kubwa ya sauti ya chini. Ujuzi huo unatosha kukuwezesha kurekodi wimbo mzima peke yako, sehemu juu ya sehemu, katika nyumba ya kawaida ya Kisumu, Nakuru, Mbale au Bungoma.

Mafunzo mengi ya kurekodi nyumbani yameandikwa kwa ajili ya wapiga gitaa na waimbaji, ambao wakitaka wanaweza kurudia kitu mara thelathini. Sisi hatuwezi. Katika kazi yetu kinachoisha kwanza ni midomo. Laptopu itarekodi kutwa nzima, lakini mpiga korneti akirudiarudia noti za juu kwa saa moja, midomo inalegea, sauti inakuwa nyembamba na noti zinaanza kuteleza. Ndiyo maana mpangilio wote ninaoueleza hapa, kuanzia saa ya kuanza hadi sehemu ya kurekodiwa mwisho, umejengwa juu ya midomo.

Kwanza, saa na chumba

Rekodi asubuhi. Kando ya ziwa na kwenye milima ya Vihiga na Kakamega, mvua hupenda kushuka alasiri, na ikigonga mabati hakuna maiki duniani itakayokuokoa. Msimu wa Machi hadi Mei panga kumaliza kabla ya saa saba mchana. Asubuhi mno nako kuna kasoro zake: kwarara wanapiga kelele juu ya miti, bodaboda zinawashwa, na ala yenyewe ni baridi. Saa tatu hadi saa sita mchana ndio wakati ninaoupenda.

Wajulishe majirani siku moja kabla. Tarumbeta likipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100 kwa mtu aliye karibu, na ukuta wa plotini hauzuii sauti hiyo. Mama wa mlango wa pili akiambiwa mapema, "Mama, kesho kuanzia saa tatu nitakuwa napiga baragumu, nitanyamaza saa sita," kwa kawaida atakubali, na pengine atakuambia saa ambayo mtoto hulala. Hilo ni la heshima, na pia linakuokoa na hodi katikati ya noti ndefu.

Chumba kizuri ni kile chenye vitu. Sebule yenye makochi, zulia na mapazia mazito ni bora kuliko chumba kitupu cha simenti, ambako sauti hugonga ukuta na kurudi ikiwa kali. Simamisha godoro nyuma yako, na tundika blanketi mbili nzito kwenye ukuta ambao domo la ala, yaani ncha pana inayotoa sauti, linauelekea. Blanketi za mitumba za soko la Kibuye, Kisumu, zinafanya kazi hii vizuri sana. Usijibane kwenye kona, kwa kuwa kona huvimbisha noti za chini. Kama nyumba haina dari, tundika blanketi ya tatu juu ya mahali utakapopigia teno honi na besi, maana ala hizo zinatazama juu na mabati yatazirudishia sauti yote.

Vifaa, kwa kifupi

Unahitaji maiki, intafesi ya sauti (kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu), hedifoni za waya zinazofunika masikio, stendi na laptopu. Kwa maiki, anza na ya aina ya dainamiki, kama Shure SM57 au SM58. Haitishwi na sauti kubwa, haichukui sana kelele za mbali, na aina hiyo ndiyo iliyojaa makanisani, kwa hiyo unaweza kuiazima katikati ya wiki. Maiki za kondensa zinaonyesha kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani. Usichomeke maiki ya kanisani moja kwa moja kwenye tundu la laptopu. Pita kwenye intafesi. Ile ndogo yenye tundu moja la maiki, kwa mfano Behringer UMC22, inatosha kabisa, kwani utarekodi sehemu moja kwa wakati mmoja.

Programu ya Audacity ni ya bure. Reaper inakuruhusu kuijaribu siku 60 kabla ya kuinunua, na kwa kazi ya traki nyingi, yaani sehemu nyingi zilizorekodiwa mojamoja, naiona bora. Mwenye simu tu atumie BandLab, nayo pia ni ya bure: aweke simu umbali wa mita moja na nusu hadi mbili ili isilemewe, na iyafoni ziwe za waya. Bluetooth huchelewesha sauti kiasi kwamba utakuwa nyuma ya wimbo kila mara bila kujua kwa nini.

Weka programu kwenye biti 24 na hezi 48,000, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde. Traki ya maiki moja kwa kipimo hicho inakula karibu megabaiti 9 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye sehemu nane, pamoja na marudio yako yote, hautapita gigabaiti chache.

Unaporekodi, chomoa chaja. Stima yetu ni ya hezi 50, na chaja mbovu huingiza mvumo wa hezi hizohizo kwenye rekodi. Kwa mpiga gitaa mvumo huo unakatwa baadaye, lakini kwetu haukatiki kirahisi, kwa sababu noti za chini kabisa za besi ya B-fleti ziko karibu hezi 41. Ukikata mvumo umekata na besi. Betri pia ina faida yake stima inapopotea katikati ya kazi.

Kabla ya yote, fanya jaribio hili. Cheza metronomu, mlio wa kuhesabu mapigo, ndani ya programu, bandika hedifoni kwenye maiki, rekodi sekunde kumi. Vuta picha ya sauti karibu na ulinganishe milio miwili, ile ya asili na ile iliyorekodiwa. Zikipishana, tafuta sehemu ya kusahihisha ucheleweshaji kwenye mipangilio ya programu na urekebishe mpaka zikae pamoja. Sauti yako mwenyewe isikilize kupitia intafesi moja kwa moja, isizunguke kwenye laptopu. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo laptopu huijaza kabla ya kuicheza, ikiwa ya sampuli 1024 peke yake inachelewesha sauti kwa milisekunde 21, na ulimi wa mpiga korneti unaisikia tofauti hiyo.

Chagua wimbo, andika pumzi

Anza na wimbo wa ibada wa sauti nne unaoujua kwa moyo. Kama utausambaza hadharani, kumbuka kwamba sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kwamba mpangilio mpya wa wimbo wa zamani una ulinzi wake pia. Wimbo mkongwe ulioupangia sauti wewe mwenyewe hauna tatizo.

Gawa sehemu: korneti ya kwanza, korneti ya pili, teno honi, tromboni au yufonia, na besi. Huna ala zote? Andika upya sehemu ulizokosa ili zifae ulizo nazo. Korneti ni ya B-fleti na teno honi ni ya E-fleti, kwa hiyo do iliyoandikwa kwenye karatasi ya kila moja si sauti ile ile. Ukinakili sehemu kutoka ala moja hadi nyingine, hamisha noti zote kwanza, ukiwa mezani na penseli. Kufikiria hamisho huku unapuliza kunaharibu mdundo.

Kisha chukua karatasi zote uweke alama za pumzi. Hapa ndipo rekodi nyingi za mtu mmoja huanguka. Kwenye bendi, watu ishirini wanavuta pumzi mahali tofauti na wimbo hauna mashimo. Wewe una mazoea ya mapafu mamoja, na utavuta pumzi palepale kwenye kila traki. Matokeo yake ni bendi inayokata sauti yote kwa pamoja katikati ya mstari. Amua mapema: korneti inavuta mwisho wa mstari, teno honi inavuta pigo mbili kabla, besi inavuta baada ya noti ndefu. Amua pia kila noti ya mwisho inakatwa kwenye pigo la ngapi, na uandike nambari hiyo. Kuanza pamoja ni rahisi kwa sababu metronomu inakusaidia. Kumaliza pamoja kunahitaji uamuzi huo wa kwenye karatasi.

Traki ya mwongozo

Metronomu pekee hufaa wimbo wa machi. Wimbo wa ibada una mahali pa kushikilia noti na mahali pa kupunguza mwendo, na metronomu haijui hayo. Dawa yake ni sauti yako. Hesabu mapigo manane kwa kinywa, piga kofi moja, halafu imba wimbo wote kwa solfa (do, re, mi), pamoja na kushikilia na kupunguza kote unakokutaka, ukihesabu kwa sauti pale ambapo noti imeshikiliwa: "tatu, nne, kata." Wapigaji wetu wengi tulisoma solfa kwaya kabla ya kusoma noti za mistari, na kusikiliza solfa yako mwenyewe kwenye hedifoni kunakuongoza vizuri kuliko mlio wa mashine.

Imba mpaka uupende mwendo. Traki zote zinazofuata zitarithi mwendo huu, na hauwezi kubadilishwa baadaye. Lile kofi la mwanzo utalihitaji kama unarekodi kwa simu mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi: piga kofi lako sambamba na la mwongozo kwenye kila rekodi, na utajua pa kuzipanganisha.

Kutyuni: rejea kwenye noti moja, kila mara

Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa yenye joto, na ala ya shaba inapopata joto sauti yake hupanda. Kisumu asubuhi nyuzi joto zinaweza kuwa 18, na mchana zikakaribia 30. Nakuru iko juu zaidi, na asubuhi zake ni baridi kweli. Ukirekodi besi saa tatu na korneti saa sita bila kuangalia, hazitapatana, na hutaona kosa kwenye sehemu yoyote ukiisikiliza peke yake.

Pasha ala joto dakika kumi kabla ya traki ya kwanza, kwa noti ndefu za chini na laini. Tengeneza kwenye programu noti moja ya kudumu, do ya wimbo wako, na kabla ya kila traki tyuni kwa noti hiyo. Usityuni kwa traki uliyomaliza kurekodi: ikiwa ilipanda kidogo, inayofuata itapanda zaidi, na ya tano itakuwa mbali kabisa na ya kwanza.

Kisha tumia masikio. Kifaa cha kutyuni kinakupa noti za piano, lakini bendi nzuri haipigi noti za piano. Katika do-mi-so iliyoshikiliwa, mi inatulia ikishushwa takriban senti 14, na so ikipandishwa senti 2 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Mwenye mi ajue kwamba ndiye mwenye mi. Kwenye karatasi yangu huzungushia duara kila mi ya noti ndefu. Zingatia pia kwamba, kwenye vali (vibonyezo vya ala), noti za vali ya kwanza na ya tatu pamoja huwa juu, na za vali zote tatu huwa juu zaidi. Sukuma nje slaidi ya vali ya tatu, lile bomba linalotelezeshwa. Kanisani makosa hayo yanafunikwa na ngoma. Kwenye rekodi ya sauti tano yanasikika yote.

Mahali pa maiki

Korneti, tarumbeta na tromboni: maiki iwe sentimita 40 hadi 60 kutoka kwenye domo, na isitazamane nalo ana kwa ana. Geuza mwili kidogo, ili sauti ipite kando ya maiki. Katikati ya domo ndiko kuliko na ukali wote. Kwa tromboni weka stendi upande wa kushoto wako, kwa sababu slaidi inatoka kulia na itagonga stendi ukifika nafasi za mbali.

Teno honi, yufonia na besi: maiki iwe juu, sentimita 60 hadi mita moja kutoka kwenye domo, imeinamishwa kutoka pembeni. Besi ikikaribiwa mno inatoa pumzi nyingi kuliko noti.

Piga sehemu yenye nguvu kuliko zote katika wimbo huku ukirekebisha geini (ukubwa wa sauti inayoingia), mpaka mshale usimame karibu desibeli 12 chini ya sifuri. Acha nafasi hiyo, maana siku zote tunapiga kwa nguvu zaidi taa nyekundu ikiwaka, na sauti iliyopasuka kwenye rekodi haina dawa.

Toa maji kabla ya kila traki. Maji yakikusanyika kwenye bomba huleta mchakacho mdogo chini ya noti laini. Mtu aliyekaa viti vitatu mbali hausikii, ila maiki iliyo nusu mita itauandika wote, na utaugundua ukiwa umeshachoka. Tia mafuta kwenye vali. Vua saa na funguo za mfukoni. Kiti cha mbao kinacholia badilisha, au simama.

Mpangilio wa sehemu

Siku ya kwanza, rekodi besi, kisha yufonia au tromboni, kisha teno honi. Tunaanza chini kwa sababu mbili. Hamonia inajengwa juu ya besi, na ni rahisi kulinganisha korneti na besi iliyotulia kuliko kinyume chake. Pia kipulizio kikubwa cha besi hakikazi midomo kama cha korneti. Ila usirukie korneti saa ileile: midomo iliyotoka kwenye besi imelegea na haijui tena mahali pake. Ifunge kazi hapo.

Siku ya pili asubuhi, midomo ikiwa mipya, rekodi korneti ya kwanza, halafu ya pili. Wako wanaosema sauti ya wimbo irekodiwe mwanzo kabisa, kwa hoja kwamba ndiyo inayobeba hisia. Naielewa hoja hiyo, lakini solfa yako imeshabeba hisia hizo, na korneti iliyorekodiwa juu ya hamonia iliyokamilika inaimba kwa uhuru ambao haiwezi kuupata juu ya ukimya.

Hedifoni vaa sikio moja na liache lingine wazi, ili usikie ala yako ndani ya chumba. Upande ulioachwa wazi uzime kabisa kwenye programu, la sivyo solfa itavuja hadi kwenye maiki. Pumzika muda uleule uliopiga: ukipiga dakika nne, kaa dakika nne, kipulizio kikiwa mbali na midomo. Baada ya marudio matatu ya sehemu moja, nenda kanywe chai.

Ukikosea mahali, usirudie wimbo wote. Rudi kwenye pumzi iliyo kabla ya kosa, anza kupiga mapigo nane kabla ya hapo ili midomo na sauti viwe vimeshakaa, na rekodi kuanzia kwenye pumzi. Maungio yaliyokatwa mahali pa pumzi hayasikiki.

Kama unarudufu sehemu ili bendi iwe kubwa, usirekodi mara mbili kwa ala ileile, mahali palepale. Traki mbili za mtu mmoja kwenye noti moja zinavutana na kutoa sauti ya kuyumba. Tatu zinakaa vizuri kuliko mbili. Na kwa kila moja sogeza kiti hatua moja, badilisha umbali wa maiki, na kama una kipulizio cha pili kitumie. Maiki ikibaki pale pale, kasoro ya chumba inaongezwa mara tatu pamoja na korneti.

Kuchanganya

Futa kelele za katikati ya mistari, lakini acha pumzi chache za korneti ya kwanza. Zinamwambia msikilizaji kwamba kuna mtu. Gawa sauti jinsi bendi inavyokaa mbele ya kondakta: korneti kushoto, yufonia na tromboni kulia, teno honi na besi katikati. Kwenye ikwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti za juu na za chini, kata vilivyo chini ya hezi 120 kwa korneti, ambayo haina noti huko, na usiguse chini ya besi. Ukali wa korneti uko kati ya hezi 2,000 na 4,000. Punguza desibeli mbili tu. Mwangwi weka mmoja kwa traki zote, wa sekunde moja na nusu hadi mbili, ili wote wasikike wako ukumbi mmoja.

Spika ya simu haiwezi kutoa noti za chini za besi. Ukichanganya kwa simu utaona besi imepotea, utaiongeza, na siku wimbo ukichezwa kwenye spika za kanisa zitanguruma. Amua besi kwa hedifoni, kisha thibitisha kwenye spika kubwa za mtu mwingine. Simu itumie kuangalia tu kama korneti haijaifunika teno honi, sehemu ambayo kila mara inasahauliwa na ambayo ndiyo inayoijaza bendi.

Toa faili ya WAV ya kuhifadhi, na MP3 ya kilobiti 256 kwa sekunde ya kutuma. Hiyo ni karibu megabaiti 2 kwa dakika. Nakili folda nzima ya traki kwenye flashi, na ndani yake uweke picha ya karatasi zako zenye pumzi na umbali wa maiki kwa kila ala, maana mwezi ujao mwenzako wa Bungoma akitaka kuongeza flugoli yake (ndugu wa korneti mwenye sauti laini), hivyo ndivyo vitu vya kwanza atakavyokuuliza.